Maswali ya Wasomaji: Tamasha Lipi la Klasiki Mwakani, na Tiketi Ukate Lini

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wanataka kupanga safari ya mwakani kwenda kusikiliza muziki wa klasiki, na wanauliza waanzie wapi. Tumechagua maswali ambayo jibu lake litamfaa na mwingine. Jambo moja tuliseme mapema maana litajirudia: jina kubwa la tamasha halitoshi kuwa sababu ya kukata tiketi. Tazama kwanza ni kazi gani inapigwa, ina urefu gani, na wewe utakuwa umekaa wapi.

Ndugu wahariri, nimesikiliza Beethoven na Dvořák redioni kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuwa mbele ya orkestra nzima. Akiba yangu inatosha safari moja tu. Niende wapi?

Nenda London, kwenye BBC Proms. Huanza katikati ya Julai na kuendelea kwa wiki 8 hadi Septemba, karibu kila jioni, ndani ya Royal Albert Hall. Tamasha hili lilianzishwa mwaka 1895 na Robert Newman pamoja na mwongoza orkestra Henry Wood katika ukumbi wa Queen's Hall. Ukumbi huo ulipoteketezwa kwa bomu mwaka 1941, likahamia lilipo sasa. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa mtu wa kipato cha kawaida asikie orkestra nzuri, na nia hiyo haijafa: kila onyesho lina tiketi za kusimama, ambazo miaka ya karibuni zimeuzwa kwa pauni 8.

Tiketi hizo huuzwa mtandaoni siku ileile ya onyesho, kuanzia saa nne na nusu asubuhi kwa saa za London. Fungua akaunti siku chache kabla, hakikisha kadi yako inakubali malipo ya nje, na saa nne na robo uwe umeshaingia. Wengi wanaozikosa wanakuwa bado wanahangaika na nywila wakati wenzao wanalipa.

Pa kusimama ni pawili. Arena ni sakafu ya katikati, chini kabisa, hatua chache tu kutoka jukwaani. Gallery ni roshani ya juu kabisa inayozunguka ukumbi. Mgeni hukimbilia kizuizi cha mbele cha Arena ili aone nyuso za wapigaji, na kwa macho amefaidi. Kwa masikio amepunjwa. Jukwaa liko juu yake, hivyo husikia safu za mbele za fidla na kukosa obo, klarineti na honi zilizo nyuma. Rudi nyuma hadi theluthi mbili ya sakafu, hapo sauti zote hukutana. Kuba la ukumbi huu lilikuwa likirudisha mwangwi kiasi cha noti moja kusikika mara mbili. Tangu mwaka 1969 darini zinaning'inia sahani kubwa za faibaglasi, maarufu kwa jina la "uyoga", ambazo huuvunja mwangwi huo. Kule Gallery sauti hufika laini na kwa mbali kidogo, ila unaweza kuketi sakafuni, na wapo wanaojilaza kabisa wakafumba macho. Sisi tunaona ndipo mahali pazuri pa kusikilizia kwaya kubwa.

Fikiria na miguu yako. Simfonia ya 8 ya Bruckner huchukua kama dakika 80. Ya 3 ya Mahler hufika dakika 100, na kwa kawaida hupigwa bila mapumziko. Hizo ziache kwa safari nyingine. Kwa mara ya kwanza tafuta jioni yenye kazi fupi ya kufungulia, kisha konseto, yaani kazi ya mpigaji mmoja akisindikizwa na orkestra, mapumziko, halafu simfonia moja. Kwa kuwa unampenda Dvořák, Simfonia yake ya 8 haifiki dakika 40, na mwisho wake wa matarumbeta ukiusikia umesimama mita 15 kutoka jukwaani, utausikia kifuani.

Kila nikifungua tovuti za matamasha mwezi Juni naambiwa tiketi zimekwisha. Wenzangu wanazipata lini?

Juni ni kuchelewa. Matamasha makubwa ya majira ya joto huuza kuanzia majira ya baridi yaliyotangulia, na kila moja lina utaratibu wake.

Salzburg, Austria, hutangaza ratiba yake kabla mwaka haujaisha. Maagizo hupokelewa hadi Januari, kisha ofisi hugawa viti kulingana na maombi, na vinavyobaki huanza kuuzwa moja kwa moja majira ya machipuko. Katika agizo lako weka tarehe mbadala na daraja mbadala la bei. Anayeomba opera mpya, jioni ya kwanza, daraja moja tu, anajifungia mlango mwenyewe. Viti vya juu vya opera pale huvuka euro 400, lakini tamasha lilelile lina maonyesho ya asubuhi, saa tano, ambapo orkestra ya Mozarteumorchester hupiga Mozart katika ukumbi wa viti kama 800 wa Mozarteum. Kwa nafasi ile na muziki ule, hakuna kiti kibaya. Na anayefika mjini bila tiketi yoyote asikate tamaa: katika uwanja wa Kapitelplatz huonyeshwa rekodi za opera na konseti kwenye skrini kubwa, bila kiingilio.

Proms ni wepesi zaidi. Ratiba hutoka Aprili, viti huuzwa Mei, na zile za kusimama tumeshazieleza. Bayreuth tumeipa jibu lake peke yake hapo chini.

Ukikosa siku ya kwanza, usiishie hapo. Watu huugua, hukosa ndege, hubadili mipango, na tiketi hurudi. Tazama tovuti rasmi asubuhi na jioni katika siku 10 za mwisho. Siku yenyewe nenda kwenye dirisha la tiketi saa moja kabla. Mbele ya kumbi za Salzburg na Bayreuth utawaona watu nadhifu wameshika kibao cha karatasi kilichoandikwa "Suche Karte", yaani natafuta tiketi. Hawaombi bure, wananunua kwa aliye na ya ziada, na wengi huingia. Usinunue kwa wauzaji wa mtandaoni wasio rasmi. Tiketi za Bayreuth huandikwa jina, na jina lisipolingana na kitambulisho unaweza kuzuiwa mlangoni.

Kwa anayehitaji viza ya Schengen: maombi hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Tiketi ya Salzburg unaweza kuwa umeiagiza Januari kwa onyesho la Agosti, wakati dirisha la viza halijafunguka. Kwa hiyo malazi yaweke yale yanayoweza kufutwa bila gharama, na ndege iwe ya mwisho kulipiwa. Uingereza haimo katika Schengen. Anayeunganisha Proms na tamasha la Lucerne, Uswisi, anahitaji viza mbili, na watu hugundua hilo wakiwa wamebakiwa na wiki tatu.

Mimi na mume wangu tunataka opera ya nje, chini ya nyota. Tumebaki na Verona na Bregenz. Tofauti ni nini, na mvua ikinyesha inakuwaje?

Dada, hizi ni opera mbili za aina tofauti kabisa, na mvua ndiyo inayozitenganisha zaidi.

Verona, Italia, ni uwanja wa Kirumi wa karne ya 1. Opera zilianza humo mwaka 1913 kwa *Aida*, kuadhimisha miaka 100 tangu Verdi, mtunzi wake, azaliwe, na *Aida* bado ndiyo roho ya mahali pale. Msimu ni Juni hadi Septemba, na maonyesho huanza usiku kati ya saa tatu na saa tatu na nusu, giza likiingia. Tiketi za bei ya chini ni za ngazi za mawe zisizo na namba. Jiwe limepigwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo unapokaa linakuchoma, na kufikia saa sita usiku limepoa linakunyonya joto. Mto wa kukalia ni wa lazima. Onyesho refu huisha baada ya saa sita, basi malazi yawe umbali wa kutembea. Milango hufunguliwa mapema, na wanaotaka ngazi zinazotazamana na jukwaa hufika kwenye foleni saa mbili kabla. Ukichelewa unasukumwa pembeni, na pembeni mwimbaji akigeuka upande wa pili sauti yake inaondoka naye. Kabla ya kuanza watu huwasha vishumaa vidogo kwenye ngazi, uwanja mzima ukameta. Dakika zile hazihitaji kujua hata neno moja la Kiitaliano.

Mvua pale husimamisha kila kitu, maana fidla haiwezi kulowa. Tone la kwanza likidondoka, wapigaji hunyanyuka na ala zao wakaondoka, na hadhira husubiri. Onyesho likifutwa kabla ya kuanza, fedha hurudi. Likianza kisha likakatizwa, hata baada ya dakika chache, hairudi. Mwavuli hauruhusiwi, chukua koti la mvua. Kama mna nafasi, kaeni mjini usiku mbili na mkate tiketi ya usiku wa kwanza, ili ule wa pili uwe akiba endapo la kwanza litafutwa.

Bregenz, Austria, jukwaa limejengwa juu ya maji ya ziwa Bodensee, na mbele yake kuna viti karibu 7,000. Tamasha ni la tangu 1946, hufanyika Julai na Agosti, na opera moja hukaa miaka miwili kabla ya jukwaa kubomolewa na kujengwa jipya. Orkestra, Wiener Symphoniker, hamtaiona: imekaa ndani ya jengo lililo nyuma yenu, na sauti huja kwa spika zilizopangwa kwa ustadi mkubwa. Kwa sababu hiyo mvua haiizuii. Waimbaji huimba wakilowa, hadhira hukaa ikilowa, na mwavuli ni marufuku kwa kuwa unamziba wa nyuma. Ikizidi kiasi cha kusimamisha, tiketi za madaraja ya juu huhamia ndani ya jengo kuendelea na onyesho lililopunguzwa mapambo. Za madaraja ya chini hurudishiwa fedha kama dakika 60 hazijatimia nje. Soma tiketi yako imo upande upi kabla ya kulipa. Hakuna mapumziko, ni kama saa mbili mfululizo, na upepo wa ziwa usiku ni mkali hata Julai.

Ushauri wetu: anayependa sauti ya mwimbaji isiyopitia mashine aende Verona. Anayependa jukwaa la kustaajabisha, na ana siku moja tu asiyotaka kuipoteza, aende Bregenz.

Nimejifunza kuipenda *Tristan und Isolde* na sasa nataka kwenda Bayreuth. Naambiwa viti ni adhabu. Ni kweli?

Ni kweli, na ni vizuri umeuliza mapema.

Jumba hili la Ujerumani alilijenga Wagner mwenyewe, mtunzi wa *Tristan*, kwa ajili ya kazi zake, likafunguliwa Agosti 1876 kwa mzunguko mzima wa *Ring*, opera zake nne zinazofuatana. Viti vya mbao ni sehemu ya ujenzi: mbao tupu hazinyonyi sauti kama godoro, na ukumbi mzima hutetemeka pamoja na orkestra. Hakuna njia ya katikati. Mistari imekatiza ukumbi kutoka mlango hadi mlango, na watu wa pembeni husimama hadi wa katikati wafike. Ukipewa kiti cha kati, ingia mapema. Ukichelewa huingii hadi kitendo, yaani sehemu ya opera, kiishe, na kitendo cha kwanza cha *Götterdämmerung*, ya mwisho kati ya hizo nne, huchukua kama saa mbili.

Utaratibu wa jioni ni huu. Onyesho huanza saa kumi jioni, ila kazi zisizo na mapumziko, kama *Das Rheingold* ya saa mbili na nusu, ambazo huanza saa kumi na mbili. Mapumziko kati ya vitendo ni ya saa nzima kila moja. Kengele hazitumiki. Wapigaji wa tarumbeta na tromboni hutoka kwenye roshani ya mbele na kupiga kipande cha kitendo kinachofuata: mara moja dakika 15 kabla, mara mbili dakika 10 kabla, mara tatu dakika 5 kabla. Ukisikia mara tatu bado uko mgahawani, kimbia.

Ndani hakuna mashine ya kupoza hewa, na Agosti joto ni kubwa. Vaa kitambaa chepesi hata kama ni vazi rasmi. Mikoba mikubwa haipiti mlangoni, mito ya kukalia hukodishwa palepale. Maandishi ya tafsiri hayaonyeshwi popote, kwa hiyo soma maneno ya opera nyumbani, kitendo kwa kitendo, hadi ujue nani anamwambia nini nani. Kwa *Tristan* hilo ni sharti, maana kitendo cha pili karibu chote ni watu wawili wakizungumza gizani.

Na malipo ya taabu hiyo ni haya: orkestra imezamishwa chini ya jukwaa, ngazi kwa ngazi, na juu yake kuna kifuniko. Humwoni mwongozaji, huoni taa moja ya kusomea muziki. Fidla za kwanza zimekaa kulia badala ya kushoto, ili sauti yao ielekee mahali panapofaa chini ya kifuniko kile. Sauti huenda jukwaani kwanza, ikachanganyika na ya waimbaji, ndipo ikaja kwako. Unapoanza utangulizi wa *Tristan*, huwezi kuonyesha kwa kidole sauti inatoka wapi. Imo ukumbini tu.

Tiketi siku hizi hazihitaji ule ungojeaji wa zamani uliokaribia miaka 10. Sehemu kubwa huuzwa mtandaoni moja kwa moja wakati wa baridi, na vipindi vya marudio katikati ya Agosti hubaki na nafasi kuliko wiki ya ufunguzi, ambayo huanza Julai 25. *Ring* nzima ndiyo ngumu kupata. *Tristan* au *Parsifal* peke yake ni rahisi zaidi, na *Parsifal* iliandikwa kwa ajili ya jumba hili, ikaonyeshwa humo kwa mara ya kwanza mwaka 1882.

Mimi ni mwanafunzi wa fidla, sina fedha za tiketi za euro 200. Kuna tamasha ambalo nitajifunza kitu?

Mwanafunzi ana bahati kuliko anavyodhani, kwa sababu sehemu inayomfaa zaidi ndiyo ya bei ndogo: mazoezi na madarasa ya wazi.

Verbier, Uswisi, hufanyika Julai kwenye mwinuko wa mita 1,500. Tangu 1994 imewakusanya wapigaji wakubwa pamoja na vijana wanaojifunza, na mengi ya madarasa ya asubuhi yako wazi kwa yeyote, bila kiingilio. Keti mbele, upande unaoona mkono wa upinde. Kijana atapiga ukurasa mmoja, na mwalimu anaweza kumshikilia nusu saa kwenye noti nne: upinde umeanza karibu mno na ncha, kiwiko kimepanda, kidole kidogo kimekaza, sauti ikatoka nyembamba. Kisha unasikia noti zilezile baada ya marekebisho. Hilo ni somo ambalo rekodi haiwezi kukupa. Nenda na nakala ya kazi inayofundishwa na penseli. Chumba cha kulala utafute Le Châble, chini ya mlima, kuliko na kituo cha treni na gari la kamba linalopanda Verbier. Kule juu malazi ndiyo yanayomaliza fedha.

Marekani kuna Tanglewood, Massachusetts, makazi ya majira ya joto ya orkestra ya Boston Symphony tangu 1937. Mwaka ule wa kwanza dhoruba ilikatiza onyesho, na mwaka uliofuata likajengwa banda kubwa lenye paa na lisilo na kuta ambalo hutumika hadi leo. Jumamosi asubuhi, saa nne na nusu, orkestra hufanya mazoezi mbele ya watu kwa bei ya chini kuliko onyesho la usiku. Usitegemee kusikia kazi nzima bila kukatizwa, thamani yake iko kwenye kukatizwa kwenyewe: mwongozaji anaposimamisha kuomba honi zipunguze, unajifunza kusikia mizani. Tiketi ya kukaa kwenye majani, nje ya banda, ni nafuu, na watu huja na viti na chakula chao, ila sauti ya huko huja kwa spika. Fidla ya kweli isikilize ukiwa chini ya paa.

Aspen, Colorado, ni tangu 1949. Pale mtu anaweza kukaa kwenye majani nje ya hema kuu bila kulipa. Ni karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, basi siku mbili za kwanza kunywa maji mengi na usipange maonyesho matatu kwa siku.

Tuna watoto wa miaka 7 na 10. Wataweza?

Wataweza Nantes, Ufaransa. La Folle Journée, iliyoanzishwa na René Martin mwaka 1995, hufanyika mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Maonyesho ni ya kama dakika 45, bei ni ndogo, na hufuatana tangu asubuhi hadi usiku katika jengo moja lenye kumbi nyingi. Kosa la wazazi ni kujaza siku. Mawili yanatosha, moja asubuhi na moja jioni, na mchana watoto wapumzike. Chagua ala wanazoweza kuzitambua kwa macho: ngoma, tarumbeta, piano mbili.

Likizo yangu haiangukii Julai wala Agosti. Je, nimekosa mwaka?

Hapana. Tena baadhi ya mazuri zaidi yako nje ya miezi hiyo.

Mei kuna Prague Spring, Jamhuri ya Cheki. Hufunguliwa Mei 12, siku aliyofariki mtunzi Smetana mwaka 1884, kwa *Má vlast*, mashairi yake sita ya orkestra yanayochukua kama dakika 80, ndani ya ukumbi uliopewa jina lake katika jumba la Obecní dům. Tiketi za jioni ile huisha mapema kuliko zote. Mara nyingi onyesho hurudiwa kesho yake na wapigaji walewale. Ikate hiyo ya pili. Kwa kwateti, yaani wapigaji wanne, na piano, ukumbi wa Rudolfinum una sauti ya joto zaidi.

Juni nenda Leipzig, Ujerumani, kwenye Bachfest, siku kama 10 katika mji ambao Bach aliufanyia kazi kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Huhitimishwa kwa *Misa katika B ndogo* ndani ya Thomaskirche, hatua chache kutoka kaburi lake. Jihadhari na kitu kimoja: kwaya na orkestra hukaa kwenye roshani ya nyuma, kwa hiyo viti vingi vya chini havimwoni mwimbaji hata mmoja. Usiviogope. Sauti hushuka kutoka juu kama Bach alivyozoea kuisikia, na bei hupungua. Nje ya tamasha pia, kwaya ya wavulana ya kanisa hilo huimba moteti, nyimbo za kwaya za kidini, Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri kwa kiingilio kidogo sana, isipokuwa ikiwa likizoni au safarini.

Oktoba kuna Wexford, Ireland, tangu 1951. Huko huchimbuliwa opera zilizosahaulika, katika ukumbi usiofika viti 800. Utasikia kazi ambayo huenda usiisikie tena maishani, na waimbaji vijana walio karibu kutajika.

Nivae nini? Na nipige makofi wakati gani? Naogopa kuaibika.

Proms, Tanglewood na Aspen vaa ulivyo. Salzburg usiku na Bayreuth, wengi huvaa suti nyeusi na gauni refu, lakini aliye nadhifu hazuiwi. Glyndebourne, tamasha la opera la Uingereza, mavazi rasmi ni desturi yenye nguvu, na mapumziko ya dakika 90 watu hula bustanini, basi viatu viwe vya kukanyagia nyasi.

Makofi, kanuni ni moja: subiri mikono ya mwongozaji ishuke. Simfonia kwa kawaida ina sehemu tatu, nne au tano, na kimya kati yake ni sehemu ya kazi. Mtego maarufu ni Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky. Sehemu ya tatu huisha kwa kishindo cha ushindi, ukumbi ukalipuka kwa makofi, kumbe bado sehemu ya nne, ya huzuni, inayozimika kwa selo na besi peke yake. Ukiwa na shaka, hesabu sehemu kwenye kijitabu cha ratiba. Katika opera mambo ni mepesi, unaruhusiwa kushangilia baada ya aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja, isipokuwa kwa Wagner, ambaye muziki wake hausimami.

Nimeona Berliner Philharmoniker wanapiga kazi ileile Salzburg, Lucerne na London ndani ya siku chache. Nichague mji upi?

Umeona jambo ambalo wengi hulipita. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba orkestra kubwa huwa ziarani, na hubeba programu mbili tatu kutoka mji hadi mji. Weka ratiba za matamasha haya kando kwa kando na uzungushie tarehe zinazofanana. Lucerne, kiti cha juu kwa orkestra kama hiyo huvuka faranga 300 za Uswisi. London, ukisimama, ni zile pauni 8.

Lakini kumbi si sawa, na hapa fedha hununua kitu halisi. Ukumbi wa KKL wa Lucerne, uliosanifiwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 1998, una viti kama 1,840 na kimya cha ajabu. Kuta zake zina milango mizito inayofunguka kwenye vyumba vya mwangwi, ikifungwa au kufunguliwa kulingana na kazi. Simfonia ya 9 ya Mahler huisha kwa nyuzi peke yake, noti zikitengana, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Royal Albert Hall, mbele ya watu 5,000, kikohozi kimoja huzimeza noti hizo. KKL utazisikia hadi ya mwisho, na utasikia pinde zikiinuka kutoka kwenye nyuzi. Kazi ya aina hiyo, lipa Lucerne, hata kama ni daraja la chini la bei kwenye roshani ya juu, maana ukumbi ni mwembamba na mrefu kwenda juu na sauti hupanda vizuri. Kama ni *Misa ya Wafu* ya Berlioz au ya Verdi, kwaya kubwa na matarumbeta pande zote, simama London.

Mwakani siwezi kusafiri kabisa. Nifanyeje?

Kila onyesho la Proms hurushwa moja kwa moja na BBC Radio 3. Tumia vipokea sauti vya masikioni vinavyofunika sikio lote, zima taarifa za simu, na fuata ratiba kama uliyekata tiketi: saa ileile, bila kusimamisha katikati. Wakati wa mapumziko mtangazaji huieleza kazi inayofuata, kwa hiyo usiizime.